Vishikwambi vya Skulini: Tumepewa Nini?



Ndugu msomaji, katika mwaka wa 2013, zilipopamba moto kampeni za uchaguzi, Wakenya waliahidiwa kwamba kila mtoto aingiaye darasa la kwanza katika skuli ya serikali atapewa kompyuta yake. Ahadi hiyo iliingia vizuri masikioni, khasa kwetu sisi watu wa pwani, ambao watoto wetu wengi husoma katika skuli zisizokuwa hata na kabati la vitabu. Zabuni ya kwanza ikazozaniwa mpaka ikafutwa, kompyuta zikageuka vishikwambi, na kazi yenyewe ikaanza 2016. Hatimaye vikagawiwa zaidi ya milioni moja katika skuli zaidi ya 20,000. Watoto walioingia darasa la kwanza mwaka ule wa 2016 ndio waliofanya mtihani wa mwisho wa darasa la nane, mwaka wa 2023. Basi muda wa hesabu umefika na umepita, na hesabu hiyo ndiyo ninayotaka tuifanye pamoja.

Kwanza tutoe haki. Ili vishikwambi vipelekwe, ilibidi skuli zitiwe umeme, na zile zilizo mbali na nguzo zikawekewa mitambo ya jua. Skuli nyingi za vijijini ziliona taa kwa mara ya kwanza kwa sababu ya mpango huu. Taa hizo ni neema, na huenda zikawa ndizo zitakazobakia baada ya vishikwambi vyenyewe kusahauliwa. Asemaye kwamba hapakuwa na kheri yoyote hakusema kweli.

Lakini kheri hiyo ilikuja kwa upenuni. Lililokusudiwa ni mtoto asome na afahamu, na hapo ndipo penye lawama.

Fikra ya kumpa kila mtoto mashine yake haikuzaliwa Kenya. Aliyeinadi duniani ni Mmarekani mmoja, Nicholas Negroponte, ambaye mwaka wa 2005, katika mkutano wa Tunis, alionyesha kompyuta ndogo ya kijani yenye mkono wa kuzungusha ili ijitie nguvu ya umeme. Bei iliyotajwa ilikuwa dola 100. Zilipotoka kiwandani bei ilikuwa imekwisha pita hapo, na ule mkono wa kuzungusha haukuonekana tena. Mtu huyu aliiamini mashine mno, hata mwaka wa 2011 akasema kwamba vishikwambi vingeweza kudondoshwa vijijini kwa helikopta, watoto wakajifunza wenyewe. Tafakari maneno hayo, msomaji. Mtu anaona kijiji kisicho na mwalimu, na dawa anayoileta ni kitu cha kudondoshwa kutoka juu, kisha aliyekidondosha arudi zake.

Nchi ya Peru iliyaamini, ikanunua mashine hizo kwa mamia ya maelfu. Rwanda, jirani zetu, nao wakachukua zaidi ya 200,000. Wachunguzi wa Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika wakaenda katika skuli 319 za mashambani huko Peru, na mwaka wa 2012 wakatoa matokeo: watoto waliopewa mashine hawakuwazidi wenzao katika hesabu wala katika lugha. Waliona dalili kidogo za wepesi wa akili katika maumbo na mafumbo, basi. Haya yalikwisha andikwa na kusomwa mwaka mmoja kabla ya ile ahadi ya 2013. Aliyetuahidi, ama washauri wake hawakusoma, ama walisoma wakanyamaza. Nami sioni lipi katika hayo mawili lililo jepesi.

Katika vitabu vya sira imepokewa khabari ya mateka wa Badri. Waliokuwa hawana mali ya kujikomboa, lakini wanajua kuandika, fidia yao ilikuwa kuwafundisha watoto wa Madina, kila mmoja watoto kumi. Madina ya wakati ule ilikuwa na haja ya vitu vingi, na Mtume (s.a.w.) angeweza kuwatoza mateka hao silaha, ngamia au ngozi za kuandikia. Alichokitaka kwao ni kazi ya kufundisha, na akaitia kipimo: kumi, na mpaka wajue. Hakumwachilia mtu kwa kugawa kalamu. Mpango wa vishikwambi ulihesabiwa kwa kinyume cha hayo. Kila mwaka tuliambiwa ni vingapi vimepelekwa na ni skuli ngapi zimefikiwa, lakini ni nadra kuambiwa ni watoto wangapi wamejua kusoma kwa sababu yake.

Na matunda ya hesabu hiyo tunayajua. Mwalimu mwenye watoto sabini anapewa mafunzo ya siku chache. Vishikwambi vinafungiwa ofisini kwa kuogopa wezi, kwani mwalimu mkuu ndiye atakayeulizwa kikipotea kimoja, wala haulizwi visipotumika hata kimoja. Masomo yaliyotiwa ndani yalikuwa ya mtaala wa zamani, na kuanzia 2019 mtaala ukabadilishwa. Juu ya hayo kuna hewa yetu ya chumvi, ambayo hula hata bawaba za milango, seuze betri.

Lenye kuuma zaidi ni kwamba dawa bora ilikuwa imekwisha patikana hapa hapa nchini. Katika Kisumu palifanywa uchunguzi, ukatolewa 2016. Fungu moja la skuli, watoto walipewa vifaa vya kusomea. Fungu la pili, walimu walipewa vishikwambi. Fungu la tatu, vishikwambi wakapewa maafisa wanaozizuru skuli kuwaelekeza walimu. Kote walipeleka pia vitabu na mafunzo. Wakakuta kwamba vifaa vya darasani havikuongeza kitu cha maana juu ya kile kilicholetwa na vitabu na mafunzo peke yake, ila gharama. Mpango wa Tusome, ulioanza nchi nzima 2015, ukafuata njia hiyo: kila mtoto kitabu chake, mwalimu mwongozo wake, na kishikwambi kikawa mkononi mwa afisa, anayekaa darasani akasikiliza mtoto akisoma na kuandika alivyosoma, kisha akazungumza na mwalimu. Kifaa kimoja kikahudumia skuli nyingi. Ajabu ni kwamba mipango hii miwili ilikwenda sambamba chini ya serikali moja, na ule uliovuma ukawa ule usiokuwa na ushahidi.

Wapo miongoni mwetu watakaofurahi kusoma haya, wakasema: Alhamdulillahi, tuliwaambia mashine hizi ni fitna. Hao sikuwaandikia wapate silaha. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipoanzisha gazeti lake la Al-Islah hapa Mombasa mwaka wa 1932, alikitumia chombo cha wakati wake kuwazindua watu waliokuwa wamelala, na katika aliyoyapigania ni Waislamu kuyatafuta maarifa ya zama zao. Mtoto wa leo asiyejua kutumia kompyuta amefungiwa milango. Kuomba nafasi ya chuo kikuu ni kwa mtandao, kuomba mkopo wa masomo ni kwa mtandao, na asiyejua humlipa mtu wa saiba amjazie, naye akikosea herufi moja mtoto hana habari. Umasikini huo ni wa kweli. Na nyaya za baharini zinazoleta intaneti, mojawapo ikitoka Fujairah, zinatua hapa hapa Mombasa tangu 2009. Zinapita chini ya miguu yetu, na ng'ambo ya kivuko mtoto hana bando la kutosha kufungua somo moja.

Skuli zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya maradhi ya korona, tuliyaona haya kwa macho. Masomo yalikuwa redioni, katika televisheni na mitandaoni, na katika nyumba nyingi simu yenye intaneti ilikuwa moja, ya baba, ikirudi naye magharibi. Ikirudi, huchukuliwa na mtoto wa kiume. Binti yuko jikoni. Nawaambia wazazi bila ya kuficha: hapo hakuna serikali ya kulaumiwa. Mgawanyo ule tuliufanya wenyewe.

Sasa wafadhili wanakuja hata katika madrasa zetu, wengine kutoka Ghuba, na maboksi ya vishikwambi. Tunapiga picha, tunasoma dua, wanaondoka. Fiqhi yetu ilikwisha lifundisha jambo hili zamani. Mafakihi waliposema juu ya wakfu, walisema pato lake lianze kwenye imara yake, yaani kuutengeneza na kuuhifadhi, kabla ya kugawiwa wanaostahiki. Kisima kisichotengenezewa kamba si wakfu wa kudumu. Basi mwenye kutaka kuwekea skuli kompyuta na awekee pia kitu chenye pato, hata kama ni chumba kimoja cha kukodisha, pato lake lilipe fundi, bando, na posho ya mwalimu anayebaki baada ya alasiri. Kompyuta kumi zenye chumba hicho ni bora kuliko mia zisizo nacho.

Na kamati za skuli, ambazo wengi wenu wasomaji mumo ndani yake, msione haya kumuuliza mfadhili kabla ya kupokea: ni nani atakayemfundisha mwalimu, na kwa muda gani? Betri ikifa mwaka wa tatu, nani atanunua? Masomo yaliyomo yanafuata mtaala upi? Wasichana watavipata saa ngapi? Akikosa majibu, mwambieni kwa adabu kwamba mna haja ya vitabu vya kusoma, kila mtoto chake, na mumtajie idadi ya watoto.