Valvu na transista kwenye meza moja

Katika kibanda cha fundi redio mmoja pale Mutuka, mjini Babati, vifaa viwili vimelala mezani. Kimoja ni priampu ya valvu yenye ECC83. Cha pili ni amplifaya ya transista, 2N3055 zake zimefungwa kwenye bamba la alumini la kupozea. Mwenye mali anataka viimbe pamoja. Mwingine angechomeka waya na kuwasha. Fundi huyu anaanza na mita.

Valvu hula volti 250 hivi, na kapasita za saplai hubaki na umeme huo hata plagi ikishachomolewa. Anaumaliza taratibu kupitia rezista, mkono mmoja kazini, wa pili mgongoni, kisha anapima mpaka mita isome sifuri. Kijana anayejifunza kwake anasimama hivyohivyo, mkono mgongoni, bila kuambiwa.

Halafu anapiga hesabu kwenye boksi tupu. Valvu inatoa sauti kwa ukinzani wa kilo-omu 38 hivi; amplifaya inapokea kwa kilo-omu 10. Vikiunganishwa hivyo, ni sehemu moja tu kati ya tano itakayofika. Mafundi hupenda ukinzani wa mpokeaji uwe mara kumi ya ule wa mtoaji, au zaidi. Hapa mambo yamegeuka.

Kwa hiyo anaongeza valvu ya ECC82, ila sauti anaichukua kwenye kathodi badala ya anodi. Valvu hii haikuzi sauti hata kidogo. Kazi yake ni kushusha ukinzani wa kutolea hadi chini ya kilo-omu moja, na kwangu hilo ndilo pambo la kazi nzima. Kabla ya kuichomea anahakikisha transfoma itamudu filamenti ya ziada, kisha anasokota nyaya za filamenti na kuzilaza kwenye kona ya bati, mbali na njia ya sauti. Anapochomea, anapasha pini na waya kwanza, ndipo anagusisha lehemu. Inayeyuka, inatambaa, inang'aa. Haondoi mkono mpaka kiungo kipoe.

Sasa zamu ya kapasita ya kutolea. Ya zamani ni mikrofaradi 0.1. Ikikutana na kilo-omu 10, inaanza kula besi kuanzia hezi 160 kushuka chini, wakati uzi mnene wa gitaa la besi hutoa hezi 41. Anaweka ya mikrofaradi 2.2, inayohimili volti 400, na besi inapita yote.

Nyaya zote za ethi anazikusanya sehemu moja, ngurumo ya hezi 50 isipate pa kuzungukia. Kabla ya kugusa spika anapima tena: volti za moja kwa moja kwenye mdomo wa kutolea ni sifuri. Hapo ndipo anacheza wimbo wa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, anainamisha kichwa, anasikiliza mpaka mwisho bila kugusa kitufe.

Nawe ukiwa na vifaa vya namna hii, washa priampu kwanza, valvu zipate moto na volti zitulie, ndipo uwashe amplifaya. Wakati wa kuzima, anza na amplifaya. Spika zako zitadumu.