Deni ya franga, deni ya dola: fakilte zetu za uchumi zinatufundisha nini?



Kila kolasyo tunapiga picha na toga, tunaandika "asante Mungu, asante wazazi". Mimi pia niliandika hivyo siku yangu. Leo naandika kile ambacho siku ile sikuandika, na naomba mnisome mpaka mwisho mbele ya kukasirika.

Kisha kupata lisansi ya uchumi na usimamizi, muyomba wangu aliniita magazini kwake, hapa Butembo. Anauza sabuni na vitu vingine vinavyopita Kampala na Kasindi. Anakopesha wachuuzi wadogo wa Kyondo, wa Lubero, wa Mangurujipa. Madeni yote yalikuwa katika kakaye kamoja, kwa dola. Mimi nikacheka moyoni. Nikamueleza muyomba kwamba nchi yetu iliingia OHADA 2012, na kwamba hesabu inapashwa kuandikwa kwa pesa ya nchi. Nikageuza madeni yote kwa franga. Nikatengeneza daftari nzuri sana, yenye safu na jumla. Hata asistanti wangu angefurahi.

Sasa angalieni hesabu. Tuchukue katoni moja iliyonunuliwa dola 20. Dola iko 2 200. Tunaikopesha franga 55 000, ni kusema dola 25. Daftari yangu inaandika faida ya franga 11 000. Mteja analipa kisha miezi tatu, franga 55 000 kamili, mtu mwaminifu. Lakini siku ile dola imefika 2 750. Pesa yake ni dola 20 tu. Faida imekufa, na usafiri wa katoni mpya bado kulipwa. Daftari yangu ilisema tumepata. Sanduku ilisema tumepoteza. Muyomba alipotaka kutuma pesa Kampala, haikutosha.

Hakunitukana. Alisema tu: "Mtoto wa dada yangu, miaka tano yote, ulikuwa unasoma pesa ya wapi?"

Kosa lilikuwa langu, nalikubali. Sheria inaomba hesabu ya kampuni iwe kwa franga. Haikunituma nigeuze deni ya mteja. Hayo ni mambo mawili. Lakini katika miaka tano hakuna saa hata moja ambapo mtu alituonyesha tofauti hiyo. Tulisoma mfumko wa bei, tukachora mistari yake ubaoni, tukajibu mtihani. Kuvuka barabara na kuuliza mwenye magazini namna anavyojikinga na mfumko huo, hapana. Na mwaka 2023, wakati dola ilipanda kutoka karibu 2 000 mpaka karibu 2 700, kila mama anayeuza mafuta sokoni alikuwa anafanya hesabu ile kichwani mwake.

Njo lawama yangu. Siisemi kwa chuo kimoja, ndiyo maana sitaji kile nilichosoma. Naisema kwa namna tunavyofundishwa uchumi katika miji hii miwili.

Tukumbuke kwanza mahali tulipotoka. Mbele ya 1989, mtoto wa hapa aliyetaka chuo kikuu alipashwa kwenda mbali. Mwaka ule Monsinyori Emmanuel Kataliko, askofu wa Butembo-Beni, akaanzisha Université Catholique du Graben. Serikali ilikuwa mbali, wenyeji wakajisimamia. Beni nayo ikapata UCBC mwaka 2007, inayofundisha kwa Kifaransa na Kiingereza. Kumekuja pia Université de l'Assomption, Université Officielle de Ruwenzori, na vyuo vingine vingi. Leo, kusoma uchumi bila kuacha nyumba ya wazazi inawezekana. Hiyo si kitu kidogo.

Na vyuo hivyo havikukua katika amani. Tangu Oktoba 2014 watu wanauawa upande wa Beni. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na ikaisha 25 Juni 2020. Ilichukua watu zaidi ya 2 200. Kuna wenzetu ambao minervali yao ilikuwa inatoka katika shamba ya kakao, na siku moja wazazi hawakuweza tena kufika shambani. Profesa aliyeendelea kufundisha katika hali ile, mimi ninamuheshimu. Kwa hiyo sitalinganisha Butembo na London.

Nitalinganisha na Kampala, kwa sababu muyomba anapita pale kila mara. Makerere University Business School, pale Nakawa, ilianza 1997. Wako na shahada nzima ya kuanzisha na kusimamia biashara ndogo. Biashara ndogo kwao ni somo. Kwetu, mara nyingi, biashara ya jirani inaingia darasani kwa jina moja tu: "informeli". Ukishaipa jina hilo, umemaliza kazi, hautafuti tena namna inavyotembea. Kumbe watafiti wa Ulaya walikuja kuitafuta. Timothy Raeymaekers aliandika kitabu kizima juu ya wafanyabiashara wa Butembo, kikatoka Cambridge 2014. Biashara ya mama zetu na wayomba wetu inasomwa kule, na sisi hapa tunakariri mifano ya viwanda vya magari.

Mtaniambia: LMD imekuja. Kweli, tangu mwaka wa masomo 2021-2022 tumeacha gradua ya miaka tatu na lisansi ya miaka mbili. Sasa lisansi ni miaka tatu, masta miaka mbili. Lakini nimeona silabusi ambayo ukurasa wa kwanza tu ndio ulibadilika. Jina jipya, krediti zimehesabiwa, ndani ni ileile. Na kama lisansi sasa inapatikana kwa miaka tatu, mwanafunzi atatoka mapema zaidi kuliko mimi. Akitoka bila kujua hesabu ya katoni, ataharibu mapema zaidi.

Wengine watasema: chuo si duka. Nakubali. Na sisemi muyomba anajua yote. Yeye alijua kuandika deni kwa dola, lakini hakujua kusema ni kwa nini, na kakaye kake kangepotea, magazini ingepotea nako. Ni magazini ngapi tumeona zinafungwa mwaka mmoja kisha mazishi ya mzee, kwa sababu madeni yalikuwa kichwani mwake? Pale ndipo shule inahitajika. Yeye ana ujuzi bila daftari, mimi nilikuwa na daftari bila ujuzi.

Tena watasema: mfanyabiashara haonyeshi hesabu yake, anaogopa taksi. Hiyo pia ni kweli. Lakini muyomba alinionyesha mimi, kwa sababu mimi ni mtoto wake. Katika kila auditwari kuna watoto wa wachuuzi, wa wakulima wa kakao na kahawa, wa mama wa likelemba na wa AVEC. Mlango uko wazi, ni sisi hatujaombwa kuingia.

Ninaomba jambo moja tu, na halina gharama kubwa. Kila mwaka tunaandika TFC na memwari juu ya biashara za hapa. Jury inauliza kama mpango ni sawa na kama marejeo yako vizuri, kisha kitabu kinaingia kabatini, vumbi inakisoma. Tuzitoe. Tuchague zile zenye hesabu ya kweli, tufiche majina, tuzifanye mifano ya mwaka wa kwanza: deni moja iliyolipwa kwa franga, gari moja lililozuiliwa Kasindi siku kumi, mavuno moja ya kakao iliyouzwa mbele ya kukomaa. Na siku ya kutetea, kati ya wale wa jury, akae mchuuzi mmoja.

Daftari ya muyomba leo iko na safu mbili, franga na dola, na tarehe ya kila deni. Safu ya dola ni ya kwake. Safu ya franga na tarehe ni za kwangu. Tuliitengeneza pamoja, usiku, na taa ya simu, kisha kupoteza pesa. Ningependa wadogo zetu waijue mbele ya kupoteza.

Ninyi wenye mlisoma uchumi, mwaka wa kwanza wa kazi mlikosea wapi? Andikeni bila haya.