Jicho la Mtafuta Visukuku

Vitabu vingi vya asili ya binadamu huanza fuvu likiwa tayari mezani. Limeshasafishwa, limeshaunganishwa, limeshapewa jina la Kilatini na umri wake, na pembeni yake amesimama profesa. Hatua iliyotangulia hayo yote, ya mtu aliyeinama juani akatambua kipande cha mfupa katikati ya maelfu ya kokoto, hupewa sentensi moja, na mara nyingi sentensi hiyo haina hata jina la aliyekiona. Hatua hiyo ndiyo ninayotaka kuisifu hapa. Ni ufundi kamili, wenye mafunzo yake na magwiji wake, na magwiji hao wengi wametoka Afrika Mashariki.

Chukua siku ya tarehe 22 Agosti 1984, magharibi mwa Ziwa Turkana, Kenya. Kikosi cha mtafuta visukuku Kamoya Kimeu kilikuwa kimepiga kambi kando ya mto mkavu wa Nariokotome, na siku hiyo ilikuwa ya mapumziko. Wengine walibaki kambini, mzee Kamoya akavuka mto kwenda kuzungukazunguka. Ng'ambo kulikuwa na mteremko mdogo uliojaa kokoto nyeusi za mawe ya volkano, mahali ambapo mpita njia asingepatazama mara mbili. Hapo akaona kipande cha mfupa chenye ukubwa wa kiberiti, na rangi yake ilikuwa ile ile ya kokoto zilizokizunguka. Akakiokota, akakigeuza. Unene wake na namna kilivyojikunja vilimwambia kwamba si mfupa wa swala wala wa nyani. Kilikuwa kipande cha paji la uso wa zamadamu, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu.

Wenzake wanasayansi, Richard Leakey na Alan Walker, walipofika kwa ndege na kupaona mahali penyewe, hapakuwatia matumaini. Hata hivyo wakaanza kuchekecha udongo. Vikapatikana vipande vingine vya fuvu, vingine vikiwa vimenaswa katika mizizi ya mgunga. Kisha zikaja mbavu, pingili za uti wa mgongo, nyonga, mifupa ya miguu. Uchimbaji uliendelea kwa misimu kadhaa hadi 1988, na mwisho wake ukawa kiunzi cha mvulana aliyekufa yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Meno yake yanaonyesha alikuwa na umri wa miaka minane au tisa hivi, na tayari alikuwa na kimo cha sentimita 160. Mpaka leo hakuna kiunzi cha binadamu wa kale wa zama za Pleistosini ya mwanzo kilichokamilika kuliko hiki cha Mvulana wa Turkana. Chanzo chake ni kipande kimoja cha mfupa, na mtu ambaye hata siku ya mapumziko macho yake hayakupumzika.

Watu husema alibahatika. Sikubaliani nao. Mtazame mama anayepembua mchele kwenye ungo: mkono unakwenda moja kwa moja kwenye changarawe kabla hata hajaanza kufikiri, kwa sababu jicho lake limeshajua sura ya punje ya mchele, na lolote lisilofanana nayo linajitokeza lenyewe. Ndivyo anavyotazama mtafuta visukuku. Anajua mng'ao wa kigae cha jino, ambao hauchujuki hata baada ya miaka milioni mbili. Anajua vitundu vya ndani ya mfupa, ambavyo jiwe la kawaida halina. Anajua kwamba kipande cha gamba la kobe kinaweza kumdanganya mtu akadhani ni fuvu, na anajua wapi pa kukitazama ili asidanganyike. Hutembea pole pole, hasa baada ya mvua, kwa kuwa mvua ndiyo inayokwangua mteremko na kufunua kilichofichika. Asubuhi na jioni hupendwa zaidi, maana jua likiwa chini vivuli hurefuka na kila kitu kidogo huonekana. Mahali palipotoa kipande kimoja, watu hupiga magoti bega kwa bega na kuupanda mteremko wote, hatua kwa hatua, wakiokota hata kilicho kidogo kuliko ukucha.

Elimu hii haikutoka chuoni. Mzee Kamoya, mzaliwa wa Makueni huko Ukambani, hakukaa shuleni kwa muda mrefu. Mwaka 1960 alikwenda Bonde la Oldupai, Tanganyika, kufanya kazi ya kuchimba kwa Louis na Mary Leakey, wazazi wa Richard, mwaka mmoja tu baada ya Mary kuliona fuvu la zamadamu aliyeitwa Zinjanthropus likichungulia kutoka kwenye mteremko wa bonde hilo, tarehe 17 Julai 1959. Kazi yenyewe haikuwa na sifa nzuri huko kwao Ukambani. Kwa watu wengi kufukua mifupa kulikuwa sawa na kufukua makaburi, jambo la mwiko, na kijana aliyeikubali alihitaji moyo. Akajifunza kwa kushika, kwa kuuliza, na kwa kulinganisha mfupa na mfupa. Mwaka 1964 aliona taya la zamadamu huko Peninj, magharibi mwa Ziwa Natron. Mwaka 1967 alikuwa Omo, kusini mwa Ethiopia, na huko akaona mabaki ya binadamu wa aina yetu sisi wenyewe, ambayo sasa yanakadiriwa kuwa na umri wa miaka 200,000 na zaidi. Ni wanasayansi wangapi wenye shahada tatu wanaoweza kuweka mezani orodha ya namna hiyo?

Lakini linalonivutia zaidi katika ufundi huu si mafuvu yenye majina makubwa. Ni nguruwe.

Mwaka 1972 Bernard Ngeneo, wa kikosi hicho hicho, aliona vipande vya fuvu huko Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana. Vilikuwa zaidi ya 150, na mwanasayansi Meave Leakey na wenzake walikaa navyo wiki nyingi wakitafuta kipi kinashikana na kipi, mpaka likasimama fuvu linalojulikana kwa namba 1470. Lilikuwa na ubongo mkubwa kuliko ilivyotarajiwa, na lilitoka chini ya tabaka la majivu ya volkano ambalo maabara ilikuwa imelipa umri wa miaka milioni 2.6. Kwa hesabu hiyo, fuvu lingekuwa na umri wa karibu miaka milioni tatu, na historia nzima ya binadamu ingebidi ipangwe upya. Ubishi ukawaka na kudumu miaka kadhaa.

Sehemu kubwa ya jibu ilitoka kwenye magego ya nguruwe wa kale. Nguruwe hao walibadilika haraka: kadiri miaka ilivyopita, gego la mwisho liliendelea kurefuka, hivyo jino lenyewe linaweza kumwambia mjuzi limetoka enzi gani. Magego ya Koobi Fora yalipolinganishwa na yale ya Omo, ambako matabaka yalikuwa yamepimwa vizuri, ilionekana wazi kwamba majivu yale hayakuwa na umri uliotajwa. Vipimo vipya vikathibitisha: ni miaka milioni 1.9 hivi. Fuvu 1470 likarudi mahali pake, miaka milioni mbili iliyopita.

Ushahidi huo uliwezekana kwa sababu walikuwapo watu walioliheshimu jino la nguruwe sawasawa na taya la zamadamu, wakaandika lilikotoka, wakalihifadhi. Mtu anayetafuta umaarufu hupita akiliruka. Fundi haliruki, kwa sababu anajua kwamba zamadamu hakuishi peke yake. Kulikuwa na mto, kiboko, mamba, swala, nyasi, na habari zake zimo katika hao wote.

Ndiyo maana pia fundi haharakishi kuokota. Kisukuku kikionekana, kwanza huwekewa alama, huandikwa mahali kilipo na tabaka linalokikaribia, kisha ndipo huguswa. Kilicholegea hutiwa dawa ya kukikaza kabla ya kufukuliwa kwa brashi na kijiti chembamba. Mfupa uliong'olewa bila kumbukumbu hubaki kuwa mfupa tu, kwa sababu visukuku vya namna hii hupimwa umri kupitia majivu yaliyo juu na chini yao, na ukishapoteza tabaka umepoteza umri.

Kazi inaendelea. Mwaka 1999 Justus Erus aliona huko Lomekwi fuvu lililozaa jina jipya, Kenyanthropus. Mzee Kamoya mwenyewe alipata nishani ya National Geographic mwaka 1985, akakabidhiwa na Rais Reagan mjini Washington, na nyani wawili wa kale wamepewa jina lake. Alifariki mwaka 2022. Heshima hizo zilimstahili, lakini hazitoshi. Kila kabati la makumbusho linaloonyesha kisukuku liandike jina la aliyekiona, kwa herufi zile zile zinazotumika kuandika jina la aliyekichambua. Na watoto wetu wafundishwe majina hayo darasani pamoja na ya akina Leakey.

Nawe msomaji, ukiwa unachunga mifugo, unachimba msingi au unapita kwenye korongo lililokatwa na mvua, ukaona mfupa uliogeuka jiwe au jiwe lililochongwa pande mbili, usilichukue. Weka alama, piga picha, kumbuka mahali, kisha toa taarifa kwa Makumbusho ya Taifa ya nchi yako. Acha kitu kilale pale pale kilipo mpaka wafike wanaojua kukisoma.