Augustino Mwanafunzi Ajipima

Mwanafunzi akiambiwa na mwalimu wake aandike mema yake na mabaya yake, mara nyingi hugawa karatasi sehemu mbili. Huku: mimi ni mwepesi wa kufahamu, tena napenda wenzangu. Kule: mimi ni mvivu kidogo. Kisha hufunga daftari, moyo umetulia. Sisi twaona kwamba kazi haijaanza bado. Tuonyeshe sababu kwa kutazama kitabu cha mwanafunzi aliyejipima kuliko wengi: Maungamo ya Mtakatifu Augustino.

Augustino alikuwa Mwafrika. Alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, ambao leo huitwa Souk Ahras, katika nchi ya Aljeria. Alianza kuandika Maungamo karibu na mwaka 397, akiwa askofu wa Hippo. Kitabu kina sehemu 13, na habari za masomo yake zimo hasa katika sehemu nne za kwanza.

Twastaajabia jambo moja: humo hatuoni safu mbili. Kila udhaifu umekaa juu ya mkeka mmoja na nguvu. Akili yake ilikuwa kali. Shuleni alisema maneno ya Juno, mungu wa kike wa Warumi, akapigiwa makofi kuliko wenzake. Huko Karthago alikuwa wa kwanza katika shule ya ufasaha. Na hapo hapo, asema, alivimba kwa kiburi. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Alipokuwa na umri wa miaka kama 20, alisoma peke yake kitabu kigumu cha Aristotle, akakifahamu bila mwalimu. Wengine wangejisifu. Yeye auliza: kilinifaa nini?

Tena alipenda marafiki. Ni neno jema. Lakini akiwa na miaka 16, wakati masomo yake yalipokatika kwa sababu fedha ya baba haikutosha, alikwenda usiku pamoja na wenzake kuiba matunda ya peasi. Hawakuwa na njaa. Mengi waliwatupia nguruwe. Augustino achunguza sana tendo hilo, akaona kwamba peke yake asingalilifanya. Aliona haya kuwa mwema mbele ya wenzake. Basi urafiki, uliokuwa nguvu yake, ulikuwa pia mlango wa mwizi.

Atazama vilevile mambo yaliyomshinda. Alichukia Kigiriki. Kilatini alikuwa amekipata utotoni kati ya yaya waliombembeleza na kucheza naye. Kigiriki kilimjia pamoja na vitisho na adhabu. Akafahamu kwamba katika kujifunza lugha, hamu ina nguvu kuliko hofu. Hata hivyo hatupi kosa lote juu ya fimbo ya mwalimu: akiri kwamba yeye mwenyewe alipenda mchezo kuliko masomo.

Je, kitabu hiki hakina kasoro? Twaona moja. Mtoto hasemi humo. Mtu mzima ndiye anayesema badala yake, na pengine ni mkali mno. Kijana akisoma sehemu za kwanza tu, aweza kujifunza kujidharau badala ya kujijua. Ndiyo maana twamwomba asiishie hapo, afike sehemu ya kumi. Humo askofu ajipima siku ile ile anapoandika. Akiri kwamba sifa za watu bado zamvuta, na kwamba hata mjusi anayekamata nzi aweza kumpotezea mawazo yake. Basi mkali huyu hajajitoa katika mizani.

Kwa hiyo, ninyi wanafunzi, karatasi yenu isigawanywe upesi. Chini ya kila nguvu andikeni: watu wakinisifu kwa hiyo, nafanya nini? Chini ya kila udhaifu: hunishika nikiwa na nani, na mahali gani? Labda majibu hayo hayatampendeza mwalimu, wala hayataongeza alama. Lakini mwenye kujua mahali akili yake inapogeuka kiburi, na mahali urafiki wake unapogeuka woga, ana kazi ya kuanza kesho asubuhi. Mwenye safu mbili safi hana.