Bati Jembamba Kati ya Moto na Maji

Barabara inayotoka Kericho kwenda Mau Summit hupita Kedowa ikiwa bado inapanda. Kericho iko kwenye kimo cha mita 2,000 hivi. Mau Summit imevuka 2,500. Lori la viazi au la magogo ya mikaratusi huuhisi mlima huo mapema, na dereva asiyeitazama geji ya joto hujikuta kando ya barabara, boneti iko juu, mvuke unapaa kwenye baridi ya asubuhi. Fundi akifika hana haraka ya kusema. Huchomoa kijiti cha kupimia oili, akakitazama.

Kikitoka na rangi ya chai ya maziwa, hakuna mtu wa nchi hii ya majani chai anayehitaji maelezo. Maji yameingia kwenye oili. Kwa kawaida ni gasketi ya silinda hedi iliyoungua.

Gasketi yenyewe ni kitu cha kudharaulika ukikiona kimetundikwa ukutani dukani: bati jembamba lenye matundu makubwa ya silinda na matundu madogo mengi ya maji, oili na bolti. Lakini ikishabanwa kati ya bloku na hedi, ndiyo inayotenganisha moto, maji na oili, vitu vitatu vinavyopita karibu karibu na visivyotakiwa kukutana. Kwenye injini ya dizeli, msukumo wa moto juu ya pistoni huweza kupita mara 100 ya msukumo wa hewa tunayoivuta.

Mwenye gari akiuliza kwa nini imeungua, jibu jepesi ni kwamba gasketi ilikuwa mbovu. Mara nyingi si kweli. Kilichoiua kilianza kwingine, na kwa kawaida kilianza na joto.

Mfano mzuri ni Peugeot 504, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, na ambalo Wakenya wengi walilipanda kama matatu. Injini yake ya petroli ina hedi ya alumini juu ya bloku ya chuma, na alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Hedi ya urefu wa nusu mita, ikitoka kwenye baridi ya alfajiri hadi joto la kazi, hurefuka takriban nusu milimita zaidi ya bloku iliyo chini yake. Gasketi hukaa hapo katikati, ikisuguliwa kila gari linapowashwa na kila linapozimwa. Hilo imetengenezwa kulistahimili. Isichokistahimili ni hedi iliyopinda kwa sababu maji yalikauka.

Na maji ya huku juu yana tabia yake. Mombasa sufuria huchemka kwa nyuzi 100. Kwenye kimo cha mita 2,300, ambacho barabara hii inakivuka, huchemka kwa nyuzi 92 hivi. Kinachoyazuia maji ya rejeta yasichemke mapema ni springi iliyo ndani ya kifuniko chake. Springi hiyo ikilegea, kifuniko kidogo kinaweza kuangamiza injini nzima. Kung'oa themostati ili gari "lipoe", kama wengi wanavyofanya, hakuziponyi rejeta iliyoziba wala pampu iliyochoka. Huuficha ugonjwa tu, na katika baridi ya Kedowa injini huchelewa kupata joto lake.

Fundi mwema huonekana hedi ikishashuka. Huisafisha taratibu bila kuikwaruza, akasimamisha rula ya chuma juu ya uso wake, akamulika tochi kwa nyuma. Mwanga ukipenya, huingiza kibati cha kupimia. Injini kadhaa za Toyota haziruhusu hedi ipinde zaidi ya milimita 0.05, unene ambao unywele wa mtu kwa kawaida huupita. Ikizidi, hedi hupelekwa kwenye mashine ikasawazishwe, hata kama mteja anataka kuondoka jioni hiyo.

Matundu ya bolti nayo hukaushwa, kwa maana oili iliyobaki chini huidanganya spana: bolti huonekana imekaza kumbe hedi haijabanwa. Kisha huanza kukaza, bolti za katikati kwanza, akizunguka kuelekea pembeni, kwa awamu, kwa nguvu iliyopimwa. Bolti zinazovutika hununuliwa mpya. Ni kazi ya mkono unaojizuia, na inapendeza kuitazama.

Injini ikiwaka, huacha kifuniko cha rejeta wazi na kuinamia mdomo wake kama mtu anayesikiliza kisima. Hakuna mapovu. Huzima, huchukua tochi tena na kulala chini ya gari, akipitisha kidole kwenye bomba la chini la rejeta mpaka kinapotoka na unyevu. Ufa una urefu wa ukucha. Hapo ndipo maji yalipokuwa yakipotelea tangu mwanzo, na ufunguo wa gari unabaki mfukoni mwake mpaka bomba jipya lifike.