Kabla ya Kuyahukumu Masega

Dubai, gari dogo likishapita miaka mitatu ya mwanzo, mulkiya yake, yaani kadi ya usajili, haihuishwi mpaka lipite kwanza kwenye kituo cha ukaguzi kilichoidhinishwa na RTA, Mamlaka ya Barabara na Usafiri. Likikwama kwenye moshi, litapelekwa gereji, na hapo hukumu inayotoka upesi kuliko zote ni kwamba masega, yaani kisafisha moshi kilicho kwenye ekzosi, yamekufa. Ni hukumu ghali, maana ndani ya masega mna platini, paladiamu na rodiamu. Mara nyingi hutolewa kabla ya mtu kusoma ushahidi ambao mashine ya kupima gesi imeshauchapa. Ushahidi huo ni hesabu iitwayo lambda, na fundi aliyeianzia hiyo hatafuti kwa kubahatisha.

Gramu moja ya petroli huhitaji karibu gramu 14.7 za hewa ili iungue yote. Uwiano ukiwa hapo, lambda ni 1. Petroli ikizidi, lambda hushuka chini ya 1, na hewa ikizidi, hupanda. Mashine haiipimi moja kwa moja. Huikokotoa kutokana na kaboni monoksaidi, kaboni dioksaidi, hidrokaboni na oksijeni zinazotoka kwenye ekzosi, kwa kanuni iliyoandikwa na Johannes Brettschneider wa Bosch mwaka 1979. Kanuni hiyo huhesabu atomi. Masega hayaongezi atomi wala hayapunguzi, kazi yake ni kuzipanga upya tu: kaboni monoksaidi huchukua oksijeni ikawa kaboni dioksaidi, na petroli iliyosalia huungua ikawa maji na kaboni dioksaidi. Kwa hiyo lambda inayoingia kwenye masega ndiyo inayotoka, yawe mapya au yamekufa. Gari linalotoa lambda 0.94 lina petroli iliyozidi kutoka kwenye injini yenyewe, na masega mapya hayatairekebisha hesabu hiyo. Linalotoa lambda 1.00 huku kaboni monoksaidi ikiwa asilimia 0.6 na hidrokaboni 250 kwa milioni, injini yake imefanya kazi yake vizuri, na hapo masega yana kesi ya kujibu. Uingereza wanaelewa jambo hili vizuri. Kwenye ukaguzi wao wa kila mwaka, gari la petroli lenye masega hupimwa injini ikizunguka kati ya mara 2,500 na 3,000 kwa dakika, kaboni monoksaidi isizidi asilimia 0.2, hidrokaboni zisizidi 200 kwa milioni, na lambda iwe kati ya 0.97 na 1.03.

Lambda ikishuka, msako huanza upande wa petroli: injekta inayovuja, shinikizo la pampu lililopita kiasi, sensa ya hewa iliyoshika vumbi la jangwani. Mshukiwa mmoja anastahili kuangaliwa zaidi kwenye nchi za joto, nao ni themostati iliyong'olewa. Mafundi wengi, Afrika Mashariki na hata Ghuba, huing'oa wakiamini wanaikinga injini isichemke. Matokeo yake maji huzunguka bila kizuizi, injini hukawia kufika joto lake la kazi, na kompyuta inayosoma maji yenye nyuzi 60 hudhani gari limewashwa sasa hivi, ikaendelea kuongeza petroli ya kuipasha. Kuna pia kopo la mkaa linalonasa mvuke wa tangi. Gari lililolala juani mwezi Julai hujaza mvuke mwingi, na vali ya kopo hilo ikikwama wazi, mvuke wote huingia kwenye injini bila kompyuta kuupangia. Fundi akiubana mpira wa vali hiyo kwa dakika chache huku anaitazama kaboni monoksaidi, atajua kama vali ina hatia au haina.

Pingamizi lenye uzito zaidi dhidi ya lambda ni la injini inayomisi. Plagi moja isipowaka, petroli na oksijeni hutoka pamoja zikiwa hazijaungua, kwa hiyo hesabu ya atomi inaweza kubaki karibu na 1 ingawa injini ni mgonjwa. Pingamizi hilo ni la kweli, na ndiyo sababu lambda haisomwi peke yake. Masega yaliyokufa huacha moshi wa kawaida wa injini upite: hidrokaboni mia kadhaa, oksijeni chini ya asilimia moja. Silinda inayomisi hutoa hidrokaboni kwa maelfu na oksijeni asilimia kadhaa. Isitoshe, sensa ya oksijeni iliyo mbele ya masega huiona oksijeni hiyo, kompyuta ikadhani petroli haitoshi, ikaongeza, na lambda ikaanza kushuka. Tundu kwenye ekzosi nalo lina sura yake. Hewa ya nje huingia, lambda hupanda hadi 1.1 au zaidi, na kaboni dioksaidi, ambayo kwenye injini nzima huwa karibu asilimia 15, hushuka sana. Tundu huzibwa kwanza, maana vipimo vyote vilivyochukuliwa kabla halijazibwa havina maana.

Wengine watasema kompyuta imeshatoa jibu, kwani imeandika msimbo wa hitilafu P0420. Msimbo huo unasema kitu kidogo kuliko watu wanavyodhani: kwamba sensa ya nyuma ya masega inabadilika kwa namna inayofanana mno na ya mbele. Gasketi inayovuja karibu na sensa ya nyuma inaweza kuuleta. Kuna pia wanaosema joto la Dubai linatosha kuyapasha masega. Masega huanza kazi kwenye nyuzi kama 250 hadi 300, na nyuzi 45 za nje ziko mbali mno na hapo. Gari lililosubiri foleni ndefu ya ukaguzi huku injini imezimwa linaweza kufeli likiwa zima kabisa. Liendeshwe barabara kubwa robo saa, kisha lipimwe mara moja.

Hata masega yakithibitika kuwa yamekufa, bado lipo swali la nani kayaua. Silinda inayomisi humwaga petroli mbichi ambayo huungulia ndani ya masega mpaka kauri ikayeyuka. Injini inayokula oili huyapaka fosforasi mpaka yakaziba. Ukifunga mapya bila kumwondoa muuaji, umemlisha tu. Madhara ya gari lisilo na masega mazima hayakomei Dubai. Kutoka eneo la magari yaliyotumika la DUCAMZ, Ras Al Khor, magari ya usukani wa kulia hupakiwa kuelekea Afrika Mashariki, na gari lililong'olewa masega ili madini yauzwe huondoka na moshi wake hadi Mombasa au Dar es Salaam, ambako watoto huuvuta wakitembea kando ya barabara kwenda shule.

Kwa hiyo, wewe mwenye gari, usilipie masega kabla hujaonyeshwa karatasi yenye gesi zote nne na lambda, iliyochapwa injini ikiwa imepata moto sawasawa. Fundi asiye na mashine ya gesi hawezi kukuthibitishia kwamba masega yamekufa. Mtafute aliye nayo.