Kupandisha Bonde

Mchana dari ya sebule yetu ni nyeupe na imetulia kama maziwa mgando. Jioni, jua la Tanga linapoingia chini chini kupitia dirisha la magharibi, dari hiyohiyo hugeuka pwani iliyokupwa maji. Hapo utaona matuta na vidimbwi, na mistari mirefu iliyo sambamba pale mbao za fomu zilipoungana siku zege lilipomwagwa.

Kwa miaka mingi nilimlaumu fundi aliyepiga lipu ile. Siku niliyoamua kuirekebisha mwenyewe ndipo nilipoanza kumheshimu. Lipu ya ukutani ikikosea huteleza. Lipu ya darini ikikosea huanguka, na humwangukia huyohuyo aliyeibandika.

Mpango wangu ulikuwa mfupi: nyundo, patasi, na kila tuta likatwe. Jirani yangu, mzee aliyekula ujana wake juu ya majukwaa ya ujenzi, alisikia mlio wa kwanza akaja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unaibomoa au unaitengeneza?"

Hakuomba mwiko wala nyundo, aliomba tochi. Akailaza ubavu juu kabisa ya ukuta, mwanga ukatambaa darini, na mchana kweupe tukaliona jua langu la magharibi. Kisha akachukua rula ya alumini ya mita 2, akaiegemeza darini na kuizungusha polepole kama mshale wa saa. Pale mwanga ulipopenya kati ya rula na dari palikuwa bonde, akapazungushia penseli. Pale rula ilipochezacheza palikuwa tuta, akaweka alama ya msalaba. Saa nzima ilipita kabla hata ya kuchanganya chochote.

Baada ya macho yakaja masikio. Aligonga kwa kifundo cha kidole, shubiri kwa shubiri. Lipu iliyoshika hujibu kwa sauti fupi na kavu, na iliyoachia hulia kama dafu lililonywewa. Yote iliyolia hivyo tuliiangusha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga, ila darini hupewi hata nafasi ya kujenga: kipande hukufuata kichwani. Chanzo tulikiona nyuma ya vipande, zege laini lenye weusi wa oili iliyopakwa kwenye mbao za fomu ili zibanduke kwa urahisi. Oili hiyo iliwafaa waliobandua mbao, ikamponza mpiga lipu. Tukausafisha uso huo na kuukwangua ukawa na makwaruzo, maana lipu haigandi juu ya kioo, inahitaji mahali pa kuuma.

Ndipo alipolipa tuta langu kubwa kisogo na kuniambia neno ambalo sijalisahau: "Mlima uache. Pandisha bonde."

Ukilikata tuta unafikia zege, labda hata nondo, na unaacha kidonda kipya chenye kingo. Ukijaza pembeni yake, tuta linazama bila kuguswa. Siri iko kwenye jicho la mwanadamu. Jicho halipimi kimo, linanasa badiliko la ghafla. Tuta la milimita 6 lenye ukingo mkali linaonekana kutoka mlangoni. Litandazie mteremko wa sentimita 60 kila upande, nao unakuwa mteremko wa asilimia 1 tu, ambao kivuli hakipati pa kukaa. Pima maji bado itashtaki, lakini nani hutazama dari kwa pima maji?

Cha kupandishia bonde kilikuwa unga wa jipsamu. Jiwe lake huchimbwa hapahapa Tanzania, Makanya wilayani Same, Itigi mkoani Singida na kule Kilwa. Ni jiwe lililobeba maji ndani yake. Likiokwa kwa joto la nyuzi 150 hivi, robo tatu ya maji hayo hutoka, linabaki unga wenye kiu. Ukiutia kwenye maji unayanywa upya, unaota fuwele nyembamba kama sindano zinazosukana, na ndoo inapata joto mkononi.

Kwa hiyo maji hutangulia, unga hufuata, ukinyunyizwa mpaka uchomoze juu kama kisiwa. Na ndoo iwe safi. Mara ya kwanza nilichanganyia kwenye ndoo yenye mabaki ya asubuhi, mchanganyiko ukaganda kabla sijapanda jukwaani. Mzee alicheka. Chembe zilizokwisha kuganda huwa mbegu, huziita fuwele mpya upesi.

Jukwaa tuliliweka kwa kimo cha kuacha shubiri moja kati ya kichwa na dari. Likiwa chini mno mabega yanakufa, likiwa juu mno mkono haupati nguvu. Swichi kuu tuliizima, miwani nikavaa. Nikamtazama akifanya kipande kimoja. Mwiko ulikwenda umeinua ukingo wa mbele kidogo tu, na kadiri mchanganyiko ulivyokaza ndivyo alivyoulaza. Mkono wake haukusukuma. Miguu ndiyo iliyotembea, nao mwiko ukafuata. Kila tabaka lilikuwa la milimita 2 hivi, la pili likapigwa kwa kulikata la kwanza msalaba, ili mistari ya mwiko ifutane. Tabaka nene lingekuwa zito na kujivuta lenyewe chini.

Kati ya tabaka na tabaka alikaa. Wengi wetu hatukuwezi kukaa huku. Mkono unawasha urudi kulainisha kidoa kimoja, na kila unaporudi kabla ya wakati unachimba viwili. Alikuwa akigusa kwa ncha ya kidole: ikitoka nyeupe, anasubiri, ikitoka safi, anapitisha mwiko wenye unyevu mara moja na kuondoka.

Wajenzi wa kale wa mwambao walifanya kazi na mshirika mwingine, chokaa ya matumbawe yaliyochomwa kwenye tanuri la magogo, kisha ikazimwa kwa maji na kuachwa ikomae. Chokaa hukauka taratibu, ikivuta hewa ya ukaa ili irudi kuwa jiwe. Humwachia fundi muda ambao jipsamu humnyang'anya. Kilwa Kisiwani, katika msikiti mdogo wa kuba, walipamba dari zilizopinda kwa mabakuli ya kigeni yaliyozamishwa kwenye lipu, midomo ikitazama chini. Kila bakuli lilipandishwa kwa mikono mpaka darini. Nikifikiria mikono ile, shingo yangu huona haya kulalamika.

Sebule moja ilinichukua Jumamosi nne. Nilipiga msasa nikiwa nimevaa barakoa, nikamulika tochi, nikapata vibonde vitatu vipya, nikavijaza, nikamulika tena, kisha praima na rangi isiyong'aa, kwa kuwa rangi inayong'aa hutangaza kila kosa.

Wewe unayetaka kujaribu, kagua paa na mabomba kwanza. Doa la maji ni ugonjwa wa juu ya dari, na lipu mpya juu yake ni kuvisha jeraha lililo chafu. Kisha nunua tochi kabla ya mwiko.

Pima maji inasema upande wa jikoni uko chini kwa sentimita 1 na nusu. Jua la jioni limeshapita hapo mara nyingi, na halijapata kivuli cha kuonyesha.